Mama Anatole anakula kwanza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Léocadie Nduwimana anafagia maua ya jakaranda uani kwake Bellevue, na anayafagia kwa hasira. Watu wengine wa Johannesburg huyapiga picha maua haya. Yeye anayaona adui.

“Mazuri, ndiyo,” anasema, akilisukuma rundo la zambarau hadi ukutani. “Lakini mtoto wa miezi tisa haulizi kama kitu ni kizuri. Anauliza kama kinaingia mdomoni.”

Nyuma yake, juu ya jiko la gesi, uji wa mahindi, mtama na soya unatokota polepole. Sufuria ya pili ina boga lililochemshwa, laini kiasi cha kupondwa kwa mgongo wa kijiko. Léocadie anaacha fagio, anakoroga, anadondosha tone la uji upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, anangoja kidogo, kisha anaguna. Bado moto.

Geti linaanza kugongwa. Mama mmoja anakabidhi mtoto na mfuko wa nepi huku anakimbilia teksi. Mwingine anabusu shavu, anarudi kubusu tena, anaondoka akijifuta macho na kujifanya anafuta jasho. Kabla saa moja haijapita, watoto sita wako kwenye mkeka, na mama yao wa mchana ni mmoja tu. Hapa mtaani humwita Mama Anatole, kwa jina la mwanawe.

Halafu anafanya kitu ambacho asiyemfahamu atasema ni uroho. Anajipakulia yeye kwanza. Anakaa katikati ya mkeka na sahani mapajani, mlango wazi, geti wazi, watoto wote wakimkodolea macho, na anakula. Anakula taratibu, anatafuna kwa madaha, anasema “mmmh” kama mtu aliyekaribishwa harusini.

“Mwaka jana usingeliona hili,” anamwambia mgeni aliyekuja kuandika habari zake. “Ungesubiri nje ya geti, na mimi ningekufa na njaa kwa adabu.”

Leo si siku ya kawaida. Gradi, kitoto cha miezi sita chenye mashavu ya kuazima, ataonja chakula kwa mara ya kwanza. Hadi leo amejua maziwa ya mama yake tu. Baba yake, Ezéchiel, ndiye aliyemleta, tayari amevaa sare ya ulinzi na buti zinazong’aa.

“Leo ndiyo leo, Mama Anatole?”

“Leo ndiyo leo, baba. Saa nne, akishaamka usingizi wake. Nenda kazini.”

Ezéchiel anakwenda hadi getini, anageuka. Anakwenda hadi barabarani, anageuka tena. “Akikataa utanipigia?”

“Akikataa nitamwomba radhi na tutajaribu kesho. Nenda, watu watakuibia duka!”

Léocadie ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, na Afrika Kusini imemla zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima. Aliwahi kuuza nyanya, akauza vitenge, akafua nguo za watu. Kazi hii ya kulea aliianza bila kujua kuwa ni kazi. Jirani alimwachia mtoto asubuhi moja, jirani mwingine akaona, na kufikia mwisho wa mwezi mkeka ulikuwa umejaa.

Anayeweza hulipa randi mia sita kwa mwezi. Asiyeweza huleta unga, au husuka nywele za Léocadie bure, au humwambia “mwezi ujao, dada” na kutazama chini. Ikitoka kodi ya vyumba viwili na gesi, kinachobaki anasema ni aibu kukitaja gazetini.

Wazazi wenyewe ni Wakongo, Warundi, Watanzania, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Watoto wakishajua kusema, watasema Kiingereza na Kizulu kama wenzao wote wa hapa. “Lakini wote wakiwa kwangu, neno la kwanza wanalolielewa ni ‘kula’,” anasema Léocadie, na hafichi majivuno yake.

Lakini kwa miaka mingi, watoto wa mkeka huu walikula kwa namna nyingine kabisa.

Katika nyumba alimolelewa na bibi yake kule Rumonge, kula lilikuwa jambo la ndani. Mtu mzima hakutafuna mbele ya wageni. Huo ulikuwa utovu wa adabu. Na mtoto anayeanza kula alikuwa siri kubwa zaidi. Bibi alimpakata, akajitanda kitenge kichwani hadi kikamfunika na mtoto, akageukia ukuta, na huko gizani kijiko kikafanya kazi yake. Bibi aliamini kwamba jicho la mgeni likiangukia chakula cha mtoto mchanga, hukaa tumboni na kumsumbua.

“Sikuwahi kumuuliza kwa nini,” anasema Léocadie. “Nani anamuuliza bibi kwa nini?”

Hayo aliyabeba hadi Alexandra, mtaa wa vibanda uliobanana jirani na majumba ya Sandton, ambako aliishi alipofika. Huko alipata sababu nyingine ya kujificha. Alikuwa akipika ndagala, dagaa wakavu wa kwao, na harufu yake ilimtangaza kwa majirani kuliko hata lafudhi. Wengine walicheka, wengine walitukana. Akawa anapika na kula mlango umefungwa.

Mei 2008, watu walipoanza kuwasaka wageni nyumba kwa nyumba, alitoka Alexandra akiwa na Anatole wa miezi kumi mgongoni na sufuria mkononi. Alipofika kituo cha polisi ndipo alipogundua kwamba sufuria bado ina uji ndani. Akamlisha mwanawe uji ule baridi, amejifunika kitenge, ameelekea ukuta wa kituo.

“Anatole wangu alijifunza kula mlango ukiwa na komeo,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. “Nikaona basi, ndivyo watoto wa wageni wanavyokula.”

Kwa hiyo alipohamia Bellevue na kuanza kulea, alitundika pazia zito kwenye kona ya chumba. Ukifika wakati wa kula, alimchukua mtoto mmoja mmoja, akaingia naye nyuma ya pazia, akajitanda kitenge, akageukia ukuta. Wengine walibaki wakicheza. Yeye mwenyewe alikula jioni, watoto wote wakishachukuliwa, mlango umefungwa.

Na watoto walikula! Hilo analisisitiza kwa kidole. Mwaka baada ya mwaka walikula, wakanenepa, wakatembea, wakaenda shule. Sifa za Mama Anatole zilifika hadi Berea. Mtoto akikataa uji kule, watu walisema mpeleke Bellevue kwa yule Mrundi.

Halafu akaja Sonia.

Mama yake Sonia ni Murielle, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi na usingizi usiokwisha machoni. Baba wa mtoto alikwenda Cape Town kutafuta kazi. Simu zake zikapungua, kisha zikakoma. Murielle anasuka nywele saluni siku sita kwa wiki, amesimama tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa akimnyonyesha Sonia alfajiri kabla ya kumleta, na akimnyonyesha tena akirudi. Katikati ya hapo kulikuwa na chupa, na Mama Anatole.

Sonia alipotimiza miezi sita, Léocadie alimwingiza nyuma ya pazia kama wenzake wote. Kijiko kikaja. Sonia akakitazama, akafunga mdomo, akageuza shingo.

“Nikasema sawa, bibie huyu ana maringo. Kesho.”

Kesho ikawa vilevile, na keshokutwa. Léocadie alijaribu uji mwepesi, akajaribu uji mzito. Akajaribu boga, viazi vitamu, ndizi ya kuponda, parachichi. Aliimba. Alinyamaza. Alibadilisha kijiko cha bati kwa cha plastiki, cha plastiki kwa kidole chake mwenyewe. Sonia hakulia wala hakugomba. Alifunga tu mdomo na kumtazama mlezi wake kwa upole, kama mtu anayeonyeshwa kitu kisichomhusu.

“Angelia ningejua la kufanya,” anasema Léocadie. “Yule hakulia. Alikuwa ananishangaa. Mtoto mzima ananishangaa mimi na kijiko changu!”

Miezi miwili ikapita. Sonia akawa wa miezi nane na chupa peke yake haikumtosha tena. Miguu yake ikabaki myembamba, na wenzake waliokuwa wadogo kwake wakampita kwa kutambaa. Kliniki walimpima wakamkuta mzima, koo zima, tumbo zima, ila uzito ulikuwa umesimama palepale. Nesi alizungumza na Murielle kwa upole: warudi mwisho wa mwezi, na kama uzito hautasogea, mtoto apelekwe hospitali akachunguzwe zaidi.

Murielle alitoka pale akiwa ameshaamua. Dada yake mkubwa, Hélène, ni mfanyabiashara anayekuja Johannesburg kununua nguo na kurudi Lubumbashi kwa basi. Wakati huo alikuwa mjini. Jioni ile Murielle alisimama mlangoni kwa Léocadie, hakuingia.

“Mama Anatole, usikasirike. Hélène atamchukua Sonia. Kambo yake kule nyumbani amelea watoto wengi, atajua kumlisha.”

Kambo, kwa watu wa Lubumbashi, ni bibi.

“Na maziwa yako?” aliuliza Léocadie.

“Yatakauka.”

“Na wewe?”

Murielle alitazama vidole vyake. “Mimi niko naogopa, Mama Anatole. Mtoto asinifie hapa, mbali na watu wangu. Bora awe hai mbali na mimi.”

“Sijakasirika,” Léocadie alimwambia.

Alikuwa amekasirika hadi masikio yanawaka. Alimkasirikia Murielle kwa kuamua, akamkasirikia Hélène kwa kuwa na nafasi kwenye basi, akajikasirikia mwenyewe kuliko wote. Analisema hili bila kuzunguka. “Watoto wote nawapenda. Sonia nilimpenda kupita kiasi, na nilikuwa nimeshindwa kumpa kijiko kimoja cha uji. Unajua uchungu wa kitu hicho? Mtoto ana njaa, chakula kipo, mkono wangu upo, na havikutani.”

Mkoba mdogo wa Sonia ukafungwa. Basi lilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Johannesburg ya mwezi huo haina huruma na mtu. Alhamisi asubuhi umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jana yake. Chumba cha Léocadie kilikuwa baridi kuliko nje. Gesi iliyobaki kwenye mtungi aliimalizia kwa uji wa watoto. Wakishakula, mmoja mmoja nyuma ya pazia, alitandika mkeka uani pale jua linapopiga ukuta, akawalaza chini ya blanketi. Wote wakalala isipokuwa Sonia. Huyo akamweka mapajani.

Uani palikuwa na mtu mwingine. Mahmoud, fundi cherehani kutoka Tanga, amepanga chumba cha nyuma, na siku ile alikuwa ameitoa nje cherehani yake ya miguu ili apate mwanga. Pembeni mwake mbaula, lile jiko la kopo lililotobolewa matundu, lilikuwa linawaka mkaa. Alikuwa amepika ugali na maharagwe ya nazi, na harufu yake ilijaza uwanja wote.

“Mama Anatole, karibu chakula.”

“Asante, nimeshiba.”

“Umeshiba nini? Gesi imekwisha, nimekusikia ukiigombeza.”

“Nimeshiba, Mahmoud.”

Mahmoud akaacha kukanyaga cherehani. “Miaka minne tunakaa uwanja mmoja, dada yangu, sijawahi kukuona ukitafuna. Watu wakiniuliza nimepanga na nani, nawaambia nimepanga na malaika.”

Léocadie hakutaka kucheka, akacheka. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na njaa, na ndani ya kicheko kile ukaidi ukamtoka. Mahmoud hakungoja. Aliweka sahani kwenye mkeka mbele yake, akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kula ya kwake huku amempa mgongo, kwa heshima.

Léocadie akamega tonge la kwanza, akachovya, akala.

Ndipo akahisi anatazamwa. Sonia, aliyekaa mapajani pake, alikuwa amegeuza kichwa juu. Macho yake yaliufuata mkono ukishuka hadi kwenye sahani, yakaufuata ukipanda hadi mdomoni, yakabaki hapo kwenye taya zinazotafuna. Midomo yake midogo ikaachana.

Tonge la pili likaenda, na kichwa cha Sonia kikaenda nalo, chini, juu. La tatu halikufika. Sonia alikuwa ameukamata mkono wa mlezi wake kwa mikono yote miwili na alikuwa anauvuta.

“Uji wake ulikuwa pale pembeni, kwenye kikombe,” anasimulia Léocadie. “Hakuutaka. Alitaka changu.”

Akabana kipande kidogo sana cha ugali, akakilowesha mchuzi wa maharagwe, akakisaga kwa vidole hadi kikawa laini. Akakileta. Sonia akafungua mdomo.

Alikunja uso wote. Alitema nusu, ikamwagika kidevuni. Halafu akafungua mdomo tena.

Kutafuna kule kwenye cherehani kulikoma. “Anakula?” Mahmoud aliuliza, amegeuka.

“Nyamaza!”

“Nimeuliza tu...”

“Usimwangalie! Geuka huko!”

Mahmoud ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia yake na heshima zake. Akageuka. Akaelekea ukuta akiwa na tonge mkononi, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Na Léocadie akamtazama mtu mzima yule, uso kwa uso na matofali.

“Nikajiuliza, huyu mtoto amewahi kumwona nani akila?” anasema. “Mama yake anakula mkate saluni, wima, mkono mmoja kwenye nywele za watu. Akirudi mtoto ana usingizi. Nyumbani kwao hakuna baba, hakuna shangazi, hakuna kaka. Huku kwangu wenzake wanakulia nyuma ya pazia, na mimi mwenyewe nakula nikiwa nimejifungia kama mwizi. Miezi minane mtoto yuko duniani, hajaona mtu akitia kitu mdomoni. Alikuwa ananishangaa kwa haki yake!”

Watoto wengine waliomtangulia walikuwa wakirudi jioni kwenye vyumba vilivyojaa watu, wakaona ndugu na jamaa wamezunguka sinia moja. Pazia halikuwadhuru kwa sababu kwao kulikuwa na mlo. Sonia alikuwa na pazia tu.

“Mahmoud,” akaita. “Geuka. Samahani, kaka yangu. Geuka ule. Kula aone.”

Mahmoud akageuka, akala. Alikula kwa kujionyesha, akipanua mdomo, akizungusha macho, akisema “haya, tonge hilo, linaingia, limeingia!” Sonia akacheka kwa sauti, na alipocheka Léocadie akatia ugali mwingine. Wakamaliza hivyo, wazee wawili na mtoto mmoja, hadi mtoto akalala na mchuzi kwenye nyusi.

Jioni Léocadie alikaa na simu mkononi. Hofu ya bibi haimtoki mtu kwa mlo mmoja. Aliingoja simu ya Murielle ya kumwambia tumbo la mtoto limevimba. Simu haikuja. Ijumaa Sonia alikula tena, uani, mbele ya watu, na Jumamosi akala boga lile lile alilolikataa miezi miwili.

Kwa Murielle hakusema neno. Aliogopa kumpa mama matumaini ya mdomo. Alimwambia tu, “Jumatatu huna kazi. Njoo na dada yako. Na mje na njaa.”

Jumatatu wakaja, Murielle na Hélène, nyuso zao za kuaga. Walikuta mkeka uani, sinia la ugali, maharagwe, na lengalenga, yaani mchicha, iliyopikwa kama ya Lubumbashi. Léocadie alimweka Sonia mbele ya mama yake, akasema, “Kula.”

“Nimlishe?”

“Usimlishe. Kula wewe. Akae akuone.”

Murielle alimtazama dada yake, kisha akakaa. Alikaa vibaya, upande upande, kama mtu ambaye bado ana mteja anayemsubiri. Alipoulizwa baadaye ni lini mara ya mwisho alikula akiwa ameketi, alihesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu.

Akala tonge moja. Akala la pili. Sonia alijivuta kwa makalio hadi kwenye magoti ya mama yake na kufungua mdomo.

“Mama Anatole!” Murielle alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona moto.

“Mpe. Kidogo. Saga kwanza.”

Akampa. Sonia alimeza, akapiga mapaja ya mama yake kwa viganja, akadai. Akapewa tena. Halafu, na hapa Léocadie anasimamisha hadithi kwanza ajifute uso kwa ncha ya kitenge, Sonia akatia mkono mwenyewe kwenye sinia, akautoa na ugali uliopondeka kati ya vidole, akaupeleka. Haukwenda kwenye mdomo wake. Ulikwenda kwenye mdomo wa mama yake.

Murielle alikula ugali ule mkononi mwa mwanawe huku analia, bila kujificha, mbele ya watu wote wa uwanja ule. Hakuna aliyegeukia ukuta.

Ni Hélène aliyewaokoa. “Aaa, mimi huyu simbebi,” alisema, akijimegea tonge kubwa. “Tumbo la namna hii? Atanimalizia chakula cha njiani kabla hatujafika mpakani!”

Jumatano Hélène alipanda basi na marobota yake ya nguo, peke yake. Mkoba mdogo ulikuwa umeshafunguliwa. Mwisho wa mwezi, mizani ya kliniki ilisogea. Kidogo, lakini ilisogea, na nesi aliposimuliwa habari ya ugali wa Mahmoud alicheka hadi akakaa. Alimwambia Murielle kwamba watoto wengi huanza kwa kuiga, aendelee kula naye kila anapopata nafasi, na chumvi apunguze.

Pazia la kona, Mahmoud alilishona mito ya watoto kukalia.

Léocadie hataki mtu amdharau bibi yake kwa hadithi hii. “Bibi hakukosea,” anasema. “Kwa bibi tulikuwa watu kumi na wanne. Kitenge kikitoka, mtoto anaona midomo kumi na minne inatafuna. Mimi nilisafiri na kitenge, watu nikawaacha.”

Anatole, mtoto wa sufuria ile ya uji baridi, sasa ana miaka kumi na minane na anasomea ufundi wa umeme Pretoria. Alipomtembelea mama yake mwezi uliopita alimkuta uani, geti wazi, ndagala wanachemka, na jirani wa Kizulu wa nyumba ya pili ameegemea ukuta akiuliza ni samaki gani hao.

“Eish, Mama,” alisema. “Unakula nje siku hizi?”

“Kaa chini,” alijibiwa. “Watoto wanakutazama.”

Ndoto ya Léocadie kwa sasa ni meza. Si meza ya dukani. Anataka fupi, ndefu, ya kuchongwa, inayoanzia mlangoni na kwenda hadi kwenye cherehani ya Mahmoud. Watoto wakae upande mmoja, na Jumapili wazazi wakae upande wa pili, wale wasusi na walinzi wote wanaokula wamesimama wiki nzima. Fundi ameshaipima nafasi. Mbao zitakuja zikija.

“Wanafikiri nalea watoto wao tu,” anasema. “Nataka na wenyewe wakae chini wale.”

Saa nne imefika. Gradi ameamka, ameketishwa mapajani pa Léocadie, kitambaa shingoni, baba yake ameshapiga simu mara mbili. Mbele yake ameketi Sonia, miezi kumi na moja sasa, mashavu tele, na bakuli lake la boga. Sonia anajua kazi yake. Anatia mkono, anakula, anapakaa nywele, anakula.

Gradi anatazama. Kijiko cha uji kinamkaribia, naye anafunga mdomo. Shingo yake imegeuka, na macho yake yamempita Sonia na kumwangukia mgeni, aliyeketi pembeni na kalamu yake, ambaye tangu asubuhi hajagusa sahani aliyowekewa.

Léocadie anayafuata macho yale hadi yanapofika.

“Haya, mgeni,” anasema. “Weka kalamu chini. Ni wewe anakuangalia. Kula.”

Mgeni anachukua kijiko, anakula. Uji ni mzuri, una ladha ya mtama. Anachota tena, polepole, juu, ili aonekane vizuri.

Gradi anafungua mdomo.